Timu hujengwa na nini? Kutoka Leopards wa 1974 mpaka Mazembe, ubishi usioisha Mushaki

MUSHAKI, MASISI. Mtu akipanda kutoka Sake kuelekea Mushaki, kabla hajafika juu kwenye malisho ya ng'ombe, hakosi kukuta vijana wawili wanaobishana juu ya mpira. Ubishi ni ule ule siku zote: timu nzuri inapatikana namna gani? Mmoja anasema ni franga tu. Mtafute mtu wa kulipa, lete wachezaji wa Goma, kombe litakuja lenyewe. Mwenzake anakataa. Yeye anasema chukua watoto waliokua pamoja, wacheze miaka mitatu bila mtu kuwatenganisha, utaona. Mzee anayepita na fimbo yake huwaongezea swali la tatu, ambalo vijana hawalipendi: nani anashika mfuko?

Ubishi huu umekuwa mzito zaidi tangu vita iwatawanye watu. Timu ya mtaa inaweza kuamka siku moja ikakuta kipa yuko kwenye kambi ya wahami karibu na Goma, beki yuko Minova, mshambuliaji yuko kwa mjomba wake Kitchanga na hana simu. Anayetaka kuanza upya hana budi kuchagua. Awangoje wale wa zamani, ama atafute wapya?

Mpira wa Kongo umekwisha kupitia njia zote hizo, na kila njia iliacha jibu lake. Mengine ni machungu.

Tuanze mwaka 1965, Mobutu alipochukua madaraka mwezi wa Novemba. Miaka ile wachezaji wengi wazuri wa Kongo walikuwa Ubelgiji. Paul Bonga Bonga alichezea Standard ya Liège, Julien Kialunda alichezea Anderlecht, na Léon Mokuna alikuwa Gent hata kabla ya uhuru. Nyumbani timu ya taifa ilikuwa imetoka kupigwa 5 kwa 2 na Ghana katika Kombe la Afrika la mwaka ule ule. Mobutu aliona kwamba mpira unaweza kulishika taifa ambalo lilikuwa limepasuka vipande. Akawaita wachezaji wa Ubelgiji warudi, na baadaye wale waliokuwa nyumbani wakakatazwa kwenda kucheza nje. Walioita hatua hiyo upendo wa nchi walikuwepo, na walioiita kifungo walikuwepo pia. Ilikuwa vyote viwili kwa pamoja.

Matunda yalikuja haraka. Mwaka 1968, Addis Ababa, Kongo iliifunga Ghana ile ile 1 kwa 0 katika fainali, goli la Pierre Kalala, na kombe la kwanza la Afrika likaja Kinshasa. Wakati huo huo Lubumbashi, timu ya Englebert, ambayo sasa tunaiita Tout Puissant Mazembe, ilichukua kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1967 na tena 1968. Ikafika fainali mbili zilizofuata, 1969 na 1970, ikazipoteza. Fainali nne mfululizo. Halafu mwaka 1973 ikawa zamu ya Vita Club ya Kinshasa. Ilipigwa 4 kwa 2 na Asante Kotoko kule Kumasi, ikarudi nyumbani na kushinda 3 kwa 0.

Hapo ndipo panafaa kusimama kidogo. Kikosi cha Zaire cha mwaka 1974, kile ambacho wazee wetu wanakitaja kwa majina kama watu wanaotaja wajomba zao, hakikukusanywa kwa mwezi mmoja. Karibu wote walitoka katika vilabu vitatu: Vita na Imana za Kinshasa, na Mazembe ya Lubumbashi. Ndaye Mulamba, Mayanga, Lobilo na Kibonge walikuwa wa Vita. Kapteni Kidumu na Kakoko walikuwa wa Imana. Kipa Kazadi, beki Mwepu Ilunga na Bwanga, ambaye mwaka 1973 alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika, walikuwa wa Mazembe. Wakati wa ligi walikuwa wapinzani wakali, lakini kila mmoja alijua mguu wa mwenzake. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić wa Yugoslavia, kipa wa zamani, ambaye tayari alikuwa ameipeleka Morocco kwenye Kombe la Dunia la 1970.

Mwezi wa tatu 1974 walikwenda Misri. Katika nusu fainali, mbele ya wenyeji, walikuwa nyuma 2 kwa 0 wakageuza na kushinda 3 kwa 2. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2 kwa 2, Zambia ikisawazisha dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza. Wakati ule fainali haikuamuliwa kwa penalti, basi mechi ikarudiwa siku mbili baadaye, na Zaire ikashinda 2 kwa 0. Magoli yote manne ya fainali hizo mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga magoli 9. Hakuna aliyefikia hesabu hiyo katika Kombe moja la Afrika mpaka leo, si Eto'o, si Drogba, si Salah.

Miezi mitatu baadaye wachezaji wale wale, chini ya kocha yule yule, walikwenda Ujerumani ya Magharibi. Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Mobutu aliwaahidi nyumba na magari. Mechi ya kwanza, tarehe 14 Juni kule Dortmund, walifungwa na Scotland 2 kwa 0, na walicheza vizuri kuliko watu walivyotarajia.

Baada ya mechi hiyo habari ikaingia kambini: marupurupu yao hayapo. Viongozi waliosafiri nao walikuwa wamekula. Ndaye alieleza miaka mingi baadaye kwamba wachezaji walikuwa wameamini watarudi nyumbani matajiri, na walipojua hakuna kitu, moyo ulikatika. Walitaka hata kugoma. Wakashawishiwa kuingia uwanjani, na tarehe 18 Juni kule Gelsenkirchen Yugoslavia ikawafunga 9 kwa 0.

Mechi hiyo imezungumzwa sana kwa kicheko huko Ulaya, na kicheko hicho kinauma kwa sababu hakielezi chochote. Ilipofika 3 kwa 0, kabla ya nusu saa, kipa Kazadi alitolewa na Tubilandu akaingia. Karibu mara moja akaokota mpira wa nne wavuni. Ndaye, mfungaji wa magoli 9 ya Misri, alitolewa kwa kadi nyekundu kwa kosa la kumpiga mwamuzi teke, kosa ambalo lilifanywa na Mwepu. Mwamuzi alichanganya watu. Na kwa kuwa kocha mwenyewe alikuwa Myugoslavia, huko nyumbani watu walianza kunong'ona kwamba ameuza mechi. Mnong'ono huo hakuna aliyewahi kuuthibitisha, lakini ulitosha kuficha jambo la kweli, yaani mfuko uliokuwa mtupu.

Kabla ya mechi ya Brazil, kwa maelezo ya Mwepu, walinzi wa Mobutu waliwaambia wachezaji kwamba wakifungwa zaidi ya magoli matatu wasifikirie kurudi nyumbani. Zikiwa zimebaki dakika chache na Brazil inaongoza, Wabrazil wakapata mpira wa adhabu. Mwepu akatoka mbio kwenye ukuta wa wachezaji na kuupiga mpira mbali kabla wao hawajaupiga. Dunia ikacheka ikidhani Mwafrika hajui sheria. Huyu alikuwa beki wa Mazembe, amecheza kombe la Afrika na mechi za kufuzu, sheria aliijua vizuri. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba alikuwa anapinga kwa sababu hawakulipwa. Mechi iliisha 3 kwa 0. Walirudi nyumbani, na Mobutu akageuza uso. Oktoba mwaka huo huo Kinshasa ilipokea ngumi za Muhammad Ali na George Foreman. Timu ya mpira ilisahauliwa, ikatolewa mapema katika Kombe la Afrika la 1976, na kwa Kombe la Dunia la 1978 Zaire ilijitoa kabla ya kufuzu.

Kijana anayesema timu ni watu waliokua pamoja ana haki kwa mwezi wa tatu 1974. Mzee anayeuliza juu ya mfuko ana haki kwa mwezi wa sita. Miguu ilikuwa ile ile.

Kuna watu watasema huo ulikuwa utawala wa mtu mmoja, na kwamba nchi zenye franga na hesabu safi hazina shida hii. Zina shida, ila ya namna nyingine. Marekani wana mchezo wa besiboli, wa gongo na mpira mdogo, ambako wakubwa wa timu hubishana mwaka mzima juu ya orodha ya wachezaji: nani anunuliwe, nani auzwe, nani aletwe kutoka timu ya watoto. Mwaka 2002 timu ya Oakland, ambayo ilikuwa na mishahara midogo kati ya timu za ligi, ilishinda mechi 103. Meneja wake, Billy Beane, alikuwa anatafuta wachezaji waliodharauliwa na wengine na kuwapima kwa hesabu. Mwaka huo huo New York Yankees, waliolipa mishahara zaidi ya mara tatu ya Oakland, nao walishinda mechi 103. Halafu zikaanza mechi za mtoano. Wote wawili wakatolewa raundi ya kwanza. Wenye franga nyingi na wenye akili nyingi walipanda ndege moja kwenda nyumbani, kwa kusema tu. Kombe likaenda Anaheim, ile iliyowatoa Yankees.

Turudi kwetu, kwa mtu wa kwanza aliyesema ni franga tu. Yeye siku zote hutaja Mazembe ya Moïse Katumbi. Katumbi alichukua uongozi wa Mazembe mwaka 1997, timu ikiwa imekaa karibu miaka 30 bila kombe la mabingwa wa Afrika. Aliweka mali yake. Lakini tazameni miaka: kombe hilo lilirudi Lubumbashi mwaka 2009. Ni miaka 12. Kama franga peke yake ingetosha, asingengoja hivyo.

Na jambo la mwaka 2010 linafaa kusimuliwa taratibu kwa kila mwenye timu. Nyota wa Mazembe alikuwa Trésor Mputu, aliyechaguliwa mwaka 2009 kuwa mchezaji bora kati ya wanaocheza ndani ya Afrika. Mwaka 2010, katika mashindano ya Kagame kule Kigali, Mputu alimshambulia mwamuzi, na FIFA ikamfungia mwaka mzima. Mwenzake Lusadisu alifungiwa pia. Watu wengi Lubumbashi waliona mwaka umekwisha. Lakini kikosi kilikuwa kimekaa pamoja. Kipa Kidiaba, yule aliyeshangilia kwa kuruka-ruka chini akiwa amekaa, alikuwa pale pale. Kocha alikuwa Lamine N'Diaye wa Senegal. Wakaifunga Espérance ya Tunis 5 kwa 0 katika mechi ya kwanza ya fainali, wakatoka 1 kwa 1 kule Tunis, wakabaki mabingwa.

Desemba wakaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la vilabu. Wakaifunga Pachuca ya Mexico 1 kwa 0. Tarehe 14 Desemba wakaifunga Internacional ya Brazil, mabingwa wa Amerika ya Kusini, 2 kwa 0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka. Haikuwahi kutokea timu ya Afrika kufika fainali hiyo. Huko walifungwa na Inter ya Milan 3 kwa 0, na hakuna aliyeona aibu. Mputu hakuwa uwanjani hata dakika moja.

Mwaka uliofuata ukaja kinyume chake. Mazembe ilikuwa inaendelea vizuri katika ligi ya mabingwa ya 2011, ikaitoa Simba ya Dar es Salaam, ikaitoa Wydad ya Casablanca. Lakini katika orodha yake alikuwepo Janvier Bokungu, aliyekuwa ametoka Espérance, na Simba ikalalamika kwamba karatasi zake haziko sawa. CAF ikakubali. Mazembe ikafutwa katika mashindano, kikosi kizima kwa ajili ya karatasi ya mtu mmoja. Kule Masisi, ambako mashindano ya vijana mara nyingi huvunjika kwa ugomvi wa umri na wa mchezaji "aliyeazimwa" bila barua, hadithi ya Bokungu ingefaa kusomwa kabla ya kila kombe.

Kuna upande mzuri katika mechi zile za Simba. Mshambuliaji kijana wa Tanzania aliwasumbua mabeki wa Mazembe, na Mazembe, badala ya kukasirika, ikamnunua mwaka huo huo. Ni Mbwana Samatta. Hakuletwa ili aokoe timu kesho yake. Alikaa, akacheza pamoja na Mzambia Kalaba, Mtanzania mwenzake Ulimwengu na wengine, na mwaka 2015 akawa mfungaji bora wa ligi ya mabingwa kwa magoli 7, Mazembe ikichukua kombe lake la tano mbele ya USM Alger. Ndipo alipokwenda Genk, Ubelgiji. Kumbe mchezaji wa kununuliwa naye anaweza kuwa wa nyumbani, akipewa miaka.

Wanaopenda njia ya watoto wa nyumbani wana ushahidi wao pia, nao hautoki kwa Mobutu. CHAN ni mashindano ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao tu. Kongo ilichukua la kwanza kabisa, mwaka 2009 Abidjan, kwa kuifunga Ghana 2 kwa 0. Ikachukua tena Kigali, tarehe 7 Februari 2016, ikiifunga Mali 3 kwa 0 chini ya Florent Ibenge, ambaye wakati huo alikuwa pia kocha wa Vita Club. Meschack Elia alifunga mawili siku hiyo. Kocha anayewaona wachezaji wake kila wiki hahitaji siku nyingi za kuwafundisha.

Na tarehe hiyo hiyo, 7 Februari, miaka minane baadaye, ikaja timu ya namna tofauti kabisa. Kombe la Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024 lilikuta Leopards karibu wote wanacheza nje ya Kongo, na baadhi yao wamezaliwa Ulaya. Kipa Lionel Mpasi na Yoane Wissa walizaliwa Ufaransa. Nahodha Chancel Mbemba alizaliwa Kinshasa. Watu walikuwa wakisema: hawa watajali nini? Walitoka sare mechi zote tatu za kundi, wakaitoa Misri kwa penalti 8 kwa 7, ya mwisho ikipigwa na kipa Mpasi mwenyewe, wakaifunga Guinea 3 kwa 1. Kocha Sébastien Desabre alikuwa amewashika tangu 2022 bila kubadilisha-badilisha watu kila mechi.

Wiki ile ya nusu fainali barabara ya kutoka Masisi na Sake kuelekea Goma ilikuwa imejaa watu wenye magodoro kichwani. Kabla ya mechi ya wenyeji, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wa Kongo walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa, kama bunduki. Walifungwa 1 kwa 0, goli la Haller. Lakini swali la nani ni mtoto wa nyumbani, ambalo lilibishaniwa tangu wale wa Ubelgiji wa miaka ya 1960, halikuulizwa tena usiku ule katika kambi za wahami. Vijana waliozaliwa mbali waliwataja watu waliokuwa wanatembea usiku kwa miguu.

Kwa hiyo kwa wale wanaotaka kurudisha timu za mtaa, ngojeni ama msingoje? Mpira wa Kongo unaonyesha kwamba mchezaji mpya si kosa, na aliyekwenda mbali si lazima awe amepotea. Kilichoua timu mara nyingi ni ahadi isiyolipwa na karatasi isiyoandikwa, na kuvunja kikosi kabla hakijajuana. Mwenye timu anayekusanya mchango wa viatu na nauli ya Sake aandike daftari, wachezaji walione. Ni kazi ndogo, na mwaka 1974 wakubwa wa nchi walishindwa kuifanya.

Ndaye Mulamba mwenyewe alijua maana ya kutawanyika. Mwaka 1994 aliheshimiwa katika Kombe la Afrika kule Tunisia, na aliporudi Zaire watu wenye silaha walimwibia na kumpiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini. Huko Cape Town aliishi maisha ya mkimbizi, akichunga magari ya watu ili apate chakula. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika la Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kwa ajili yake, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba amekufa. Alikuwa hai. Aliishi miaka mingine 20, akafundisha watoto mpira, akafariki Johannesburg Januari 2019.